Maabara za pamoja Kilifi: sampuli ni zetu, swali ni la nani?

Katikati ya mwaka 2004 mji wa Lamu ulishikwa na homa. Joto lilipanda, vichwa vikagonga, na viungo vikauma hadi mtu mzima akashindwa kusimama kuswali. Hapa Pwani kila homa huitwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Hii haikuwa malaria. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa uliopewa jina na Wamakonde wa kusini mwa Tanzania kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa, nao ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa huko mwaka 1952 na 1953.

Uchunguzi wa damu uliofanywa Lamu mwaka huo wa 2004 ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka kwisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka 2005 ulikuwa Visiwa vya Ngazija, kisha Réunion, ambako takriban thuluthi moja ya wakaazi waliugua. Mwaka 2006 India ilihesabu zaidi ya wagonjwa milioni moja walioshukiwa kuwa nao.

Mbu anayebeba chikungunya si yule wa malaria. Ni yule mwenye madoadoa meupe, anayeuma mchana na kutaga katika maji yaliyotulia. Watafiti walieleza kwamba kulikuwa na ukame; watu wakaweka maji majumbani kwa muda mrefu katika mapipa na mitungi, na mbu akapata pa kuzaana bila kutoka nje ya ua. Jambo la nyumbani kabisa. Lakini damu ya watu wa Lamu ilibidi isafirishwe hadi Nairobi ndipo ugonjwa ujulikane. Na yale mabadiliko madogo katika kirusi, yaliyokiwezesha kuenezwa na aina nyingine ya mbu kwa urahisi zaidi, yalisomwa na wanasayansi wa Ufaransa katika sampuli za Réunion. Ugonjwa ulipitia kwetu, maarifa yakapatikana kwingine.

Sasa linganisha na mwaka 2020. Corona ilipothibitishwa Kenya mwezi wa Machi, sampuli kutoka kaunti zote sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zilipimwa mjini Kilifi. Hazikuishia kupimwa tu. Wanasayansi wa pale, wengi wao Wakenya, walisoma vinasaba vya virusi hivyo herufi kwa herufi, wakaonyesha kwamba viliingia Pwani mara nyingi na kwa njia tofauti, na kwamba Mombasa ndiyo iliyokuwa lango kubwa. Kazi ya aina ile ambayo miaka 16 nyuma tulifanyiwa na watu wa mbali, safari hii ilifanyika mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya matatu ya Kilifi.

Nimeanza na mifano hii miwili kwa sababu nataka msomaji ajue nasimama wapi kabla sijaanza kulalamika. Maabara kubwa hapa Pwani si pambo. Ni tofauti baina ya kujua ugonjwa wako mapema na kuambiwa jina lake ukishazika.

Mradi wa pamoja wa KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza uko Kilifi tangu mwaka 1989, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Jirani yake, Chuo Kikuu cha Pwani, kilipata hati ya kuwa chuo kamili mwaka 2013. Kwa umri huo mdogo chuo kimejenga kituo chake cha utafiti wa sayansi ya viumbe, PUBReC, kinafundisha shahada ya uzamili ya bayoinfomatiki, na ndicho kinachotoa stashahada ya uzamili kwa vijana wanaofunzwa utafiti wa afya na KEMRI. Baadhi ya watafiti wa KEMRI ni wahadhiri hapo hapo chuoni. Mambo haya mtoto wa Bamba au wa Faza hakuyapata wakati wa kizazi changu. Ukitaka kusoma sayansi ya maana ulipanda basi la Nairobi.

Siku hizi neno ni moja: ushirikiano. Kila jengo la aina hii likizinduliwa, utepe ukikatwa, hotuba zitasema maabara ni ya pamoja. Mashine ni za pamoja, data ni ya pamoja, wanasayansi wa nchi kadhaa wanakaa meza moja. Nami nimekuwa nikijiuliza, pamoja na nani hasa? Kwa hesabu yangu mshirika mkubwa kuliko wote hajakaa mezani. Ni yule mama wa Junju au Pingilikani ambaye mwanawe ametolewa damu.

Tuchukue chanjo ya malaria. Ile ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania, kabla haijaingia jaribio kubwa la mwaka 2009 lililokuwa na vituo 11 katika nchi 7 za Afrika. Kilifi ikawemo tena. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023, na Kilifi ilikuwemo pia katika jaribio lake. Kwa hivyo mtoto yeyote wa Afrika anayedungwa sindano hiyo leo anamdai shukrani mtoto wa Kilifi bila kumjua. Lakini serikali ilipoanza kuitoa mwaka 2019, ilianza na kaunti za magharibi. Kulikuwa na sababu: malaria kandokando ya Ziwa Victoria ni kali kuliko kwetu, na chanjo lazima ianzie penye vifo vingi. Nakubaliana na uamuzi huo. Nisichokubali ni kwamba kina mama wengi wa huku waliojitolea hawakuelezwa kwa lugha wanayoielewa kwa nini ilikuwa hivyo. Jamaa yangu mmoja aliwahi kumwingiza mtoto wake katika utafiti fulani, mwingine kabisa, si huu wa chanjo. Alipewa nauli, akapewa kadi, akaenda kila alipoitwa. Mradi ukaisha. Mpaka leo hajui waligundua nini. Alichobaki nacho ni kadi.

Pengo la namna hiyo ndilo linalojazwa na mumiani. Wasomaji wa nje ya Pwani huenda wasilijue neno hili: ni wanyonya damu wa hadithi zetu, na tangu enzi ya mkoloni limekuwa likibandikwa mtu yeyote anayekuja na sindano, gari na daftari. Watafiti wa Kilifi wenyewe wameandika waziwazi kuhusu uvumi huu, kwamba damu inauzwa, kwamba inapelekwa Ulaya. Kwa haki ni lazima niseme walichofanya. Wameunda mtandao wa wawakilishi wa jamii vijijini, wanakaribisha shule kutembelea maabara, wana watu wa kwenda barazani kueleza. Tangu mwaka 2000 wafanyakazi wao wanapita nyumba kwa nyumba katika eneo linalozunguka hospitali ya kaunti wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki, watu takriban 300,000, na milango inafunguliwa. Uaminifu kama huo haununuliwi kwa ruzuku.

Kinachonitia wasiwasi ni maabara za chuo zinazokuja nyuma yao. KEMRI imejifunza kwa zaidi ya miaka 30 jinsi ya kuzungumza na watu, na imejifunza kwa kukosolewa. Chuo kinapata mashine leo na kesho kinatuma mwanafunzi wa uzamili kijijini na fomu ya ridhaa ya kurasa sita. Fomu hiyo imetafsiriwa Kiswahili ambacho hata mimi ninayekula kwa kuandika Kiswahili nahitaji kukisoma mara mbili. Mzee wa Kigiriama atie kidole. Hiyo si ridhaa. Katika dini yetu kitu ulichowekeshwa na mwenzako ni amana, na aliyewekeshwa ndiye mwenye mzigo wa kueleza, si mwenye mali kubahatisha maswali. Damu iliyo ndani ya friza ni amana kwa maana hiyo hiyo, na nadhani Mgiriama asiye Mwislamu ataniunga mkono, kwa sababu kwake pia damu si kitu cha kutoa ovyo.

Na tusidhani sampuli ni damu peke yake. Mwaka 1992 mwanasayansi kutoka Uingereza alichukua vijidudu katika maji moto ya Ziwa Bogoria. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya ziwa hilo vikaja kutumika viwandani, katika sabuni na katika kufubaza suruali za jinzi, na kampuni zikapata fedha. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililalamika kwamba hakukuwa na kibali kilichoruhusu biashara hiyo na likadai sehemu ya mapato. Mwaka 2007 KWS ilitia saini makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes, ya kugawana manufaa. Baadaye, mwaka 2014, Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya, inayosema wazi kwamba mwenye rasilimali ya kibayolojia aombwe kwanza na agawiwe kinachopatikana.

Bogoria ni ziwa moja. Sisi tuna matumbawe, mikoko, sponji za baharini na kaya zenye miti ambayo waganga wetu wanaijua kwa majina. Maabara ya pamoja ikiwa na mshirika ng'ambo, kipande cha sponji kutoka Watamu kinaweza kusomwa vinasaba vyake hapa, data ikatumwa kwa baruapepe, na kitu chenyewe kisihitaji kuvuka mpaka. Afisa wa forodha hataona chochote. Itifaki iliandikwa watu wakifikiria chupa na mifuko. Mali imehamia kwenye faili.

Hapo ndipo swali la nani anauliza linapoingia. Anayelipa ndiye anayeuliza, na hilo halina ubaya peke yake. Wellcome imelipa kwa miongo na imeuliza maswali mazuri: malaria, nimonia, selimundu. Lakini wakulima wa Kwale na Kilifi wana swali la zamani kuliko Wellcome. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa mhogo ulielezwa na wanasayansi wa Amani, Tanga, katika miaka ya 1930. Karibu karne nzima imepita na bado mama anachimba muhogo ulio mzima kwa nje, akiukata ndani umeoza, na hajui mpaka siku ya kuvuna. Hiki ni kirusi. Kinaenea kwa vipande vya mbegu ambavyo majirani wanapeana kwa wema. Mashine ile ile inayosoma vinasaba vya Corona inaweza kusoma vya kirusi cha mhogo, na maabara ya chuo inaweza kuwapimia wakulima mbegu kabla hawajazipanda. Minazi nayo ina mdudu wake. Na kuna nyoka: Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na dawa tunayotumia Kenya bado inaagizwa kutoka nje, ilhali anayeumwa yuko Ganze akitafuta bodaboda.

Maswali haya ni ya chuo. KEMRI iliundwa kwa ajili ya afya ya binadamu na haiwezi kulaumiwa kwa kutoshughulikia mhogo. Chuo chenye kitivo cha kilimo, idara ya sayansi na wanafunzi wanaorudi nyumbani kila likizo kina nafasi ya kuuliza ambayo hakuna mfadhili atakayeiuliza kwa niaba yetu. Chuo kikitumia maabara mpya kukodishia nafasi miradi ya wenzake wa Ulaya na kuongeza majina yake kwenye orodha ya waandishi, nafasi hiyo imepotea.

Kuuliza kunahitaji fedha ambazo ni zako, na hapa serikali ya kitaifa haina pa kujificha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa Hazina ya Kitaifa ya Utafiti kila mwaka. Kinachofika hakikaribii hapo. Mwaka 2025 tulipata mafunzo mawili. Marekani ilifunga USAID, na miradi ya afya iliyoitegemea ikatetereka kwa wiki chache tu. Kisha wahadhiri wa vyuo vya umma wakagoma kwa siku 49 wakidai malipo ya makubaliano ya 2017 hadi 2021. Unaweza kuweka mashine ya mamilioni katika jengo la chuo ambacho mwalimu wake hajalipwa deni la miaka minane. Ataiendesha, lakini jioni atakuwa akiandika barua za kuomba kazi Kigali.

Hebu pia tuzungumze kuhusu stima, kwa sababu wanaokata utepe hawaizungumzii. Sampuli za vinasaba hutunzwa katika friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Mnamo Agosti 25, 2023 nchi nzima iliingia gizani, na kabla mwaka huo kwisha giza likarudi. Friza bila umeme wala jenereta inaanza kupata joto usiku ule ule, na ikiyeyuka, kazi ya miaka kumi na damu ya watoto elfu vimekwenda na maji. Mfadhili hununua mashine. Ni nadra alipe mafuta ya jenereta ya mwaka wa saba au mkataba wa matengenezo wa mwaka wa tisa. Mashine ikikwama, fundi anatoka nje ya nchi na anakuja kwa tiketi ya ndege.

Ndiyo maana nasema nafasi muhimu katika maabara hizi si ya profesa. Ni ya mtaalamu wa maabara mwenye stashahada, anayejua sauti ya friza inapoanza kuchoka. Mimi mwenyewe nina diploma, kwa hivyo msomaji ana haki ya kudhani napigia debe watu wa daraja langu, na ni kweli napiga. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina kampasi Kilifi na Mombasa. Vijana wetu wanamaliza, wanasajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, kisha wanazunguka na vyeti kwenye bahasha. Makubaliano ya kila maabara ya pamoja yangeweza kutaja idadi ya wataalamu wa ngazi hiyo watakaoajiriwa kutoka kaunti za Pwani, na mmoja au wawili watakaopelekwa kiwandani kujifunza kuitengeneza mashine. Kutoa nafasi za udaktari wa falsafa ni vizuri na zinatolewa. Lakini hizo huanzia kwa mtu aliyekwisha kuvuka mito yote, na vijana wa Magarini na Garsen wengi wako ng'ambo ya kwanza.

Kuna mlango mmoja ambao tayari uko wazi na hatuutumii. Kila mtafiti Kenya lazima apate leseni ya NACOSTI. Masharti ya leseni hiyo yanamtaka, kabla hajaanza, amjulishe kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu na gavana wa kaunti anayokwenda. Yanamtaka pia awasilishe ripoti kazi ikimalizika. Maana yake ni kwamba ofisi za magavana wetu sita zinapaswa kuwa na barua za kila utafiti unaofanywa katika ardhi na bahari ya Pwani, wa KEMRI, wa vyuo na wa wageni. Tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti, kwa hivyo hospitali wanamolala washiriki wa tafiti hizo pia ziko mikononi mwao.

Barua hizo ziko wapi? Mwakilishi wadi yeyote wa Kilifi anaweza kuuliza swali hili bungeni wiki ijayo bila mswada wala bajeti. Aitake idara ya afya iweke hadharani orodha: jina la utafiti kwa Kiswahili cha kawaida, unafanyika vijiji gani, sampuli zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani analipa, uligundua nini. Ukurasa mmoja kwa kila utafiti unatosha. Nakala ibandikwe zahanati, nyingine ipelekwe kwa chifu, na misikiti na makanisa yatakayokubali yasome matokeo baada ya ibada kama yanavyosoma matangazo ya maziko na harusi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hivyo hata wawakilishi wakilala, mwananchi mmoja mwenye kalamu anaweza kuziomba. Nimekwisha kuandika barua yangu kwa kaunti ya Kilifi. Jibu likija, nitalichapisha hapa lilivyo.